Hifadhi iliyoungua California: naweza kupanda mti nikienda?

Mwalimu_Kisauni
Asalaam aleikum wenzangu. Binti yangu anaishi California, na mwezi wa nne inshallah nakwenda kumwona. Ameniahidi kunitembeza milima ya Santa Monica, pale palipoungua na moto wa Woolsey wa Novemba 2018. Anasema vichaka vyao, wanaviita chaparral, vimesharudi. Mimi nimesomesha sayansi, na wanafunzi wangu nilikuwa nawapeleka Bamburi kuona mivinje iliyoanza kupandwa kwenye machimbo mwaka 1971. Ndiyo maana nauliza: mgeni anaruhusiwa kupanda mti kule? Na niangalie nini hasa?

Tudor_Creek
Waaleikum salaam mwalimu. Nadhani ni kama Shimba Hills kule Kwale. Nyasi zikiungua, mvua ikipiga tu, majani mabichi yametoka na palahala wanakuja kuyala. Vaa viatu vya kufunika vidole.

Nyali_Juu
Shikamoo mwalimu. Nilisoma San Diego kabla ya kurudi nyumbani, na vichaka vile navipenda hadi leo, kwa hivyo niwie radhi nikirefusha.

Usipande kitu. Bamburi palikuwa jiwe tupu, hata udongo ilibidi utengenezwe, ndiyo mivinje ikafaa. Chaparral mbegu zake zimo ardhini tayari. Nyingine hulala humo miaka na miaka mpaka zipate joto la moto au moshi, ndipo ziote. Halafu kuna vichaka kama chamise na toyon ambavyo huungua juu tu. Chini vina kisiki kinene kilichozama udongoni, moto haukifikii. Ukifika, inama kando ya njia utazame shinani. Vijiti vya zamani bado vimesimama, vyeusi, vikavu, na katikati yake machipukizi yamebanana kama ya mwarobaini uliokatwa.

Ndugu wa Tudor, nyasi za Kwale zinastahimili kuungua mara kwa mara. Vichaka hivi vya chaparral haviwezi. Vinataka miaka 30 au zaidi kati ya moto na moto. Moto ukirudi mapema, vile vinavyotegemea mbegu peke yake huwa havijazaa za kutosha, na nafasi yao inachukuliwa na magugu ya kigeni. Mwalimu, utaona miteremko ya haradali ya manjano, watu wanapiga picha wamefurahi. Mimi huniuma roho. Haradali ile ililetwa kutoka ng'ambo, na kiangazi kikiingia inakauka ikawa kuni ya moto unaofuata. Na mioto mingi ya kule chanzo chake ni watu, si radi. Upepo wa Santa Ana, unaotoka jangwani kwenda baharini, ukiukuta moto umeshawaka, haushikiki tena. Woolsey uliteketeza karibu ekari 97,000.

Kwa hivyo usiache njia. Mguu mmoja nje ya njia unavunja miche ambayo hata hujaiona. Pia kuna mmea wa majani matatu matatu, poison oak, unaochipua upesi baada ya moto. Ukiugusa unatoka upele unaowasha vibaya.

Mwalimu_Kisauni
Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. Mche nimeuacha. Lakini mwezi wa nne si masika?

Nyali_Juu
Masika ni yetu. Mvua zao huja wakati wa baridi, na kufikia Aprili zinaishilia, maua ndiyo yanachanua. Muulize binti kama ni pale pale pa Woolsey, kwa sababu moto wa Palisades wa Januari 2025 uliunguza upande mwingine wa milima hiyo hiyo. Palipoungua karibuni msiende mvua ikinyesha. Januari 2018 kule Montecito mvua iliangukia milima iliyotoka kuungua na moto wa Thomas, matope na mawe yakashuka usiku, watu 23 wakafa.

Asubuhi kuna ukungu wa baharini, chukua sweta. Kofia na maji pia, vichaka vile ni vifupi na kivuli hakuna.