Kutoka Raskazone hadi Comrades: naombeni ushauri

Assalam aleikum wakimbiaji. Nina miaka 39, nipo Tanga. Mwaka jana niliachika, nikarudi kwa mama Ngamiani na wanangu wawili. Usingizi ulinikataa, nikawa natoka baada ya swala ya alfajiri kutembea hadi Raskazone. Kutembea kukageuka kukimbia. Sasa namaliza kilomita 18 bila kusimama (mama anasema nimechezewa).

Nataka kukimbia kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon pale Moshi, mwaka unaofuata 56 za Two Oceans kule Cape Town, halafu Comrades, kati ya Durban na Pietermaritzburg, takriban kilomita 90 ndani ya saa 12. Nichekeni kwanza, kisha mnijibu.

Kinachoniumiza kichwa ni Ramadhani. Mbio za Moshi huwa mwishoni mwa Februari, na 2027 tutakuwa tumefunga. Nikiahirisha hadi 2028, mazoezi ya mwisho bado yataangukia mfungo. Mliowahi kujiandaa mkiwa na swaumu, zile mbio ndefu mlizifanya baada ya tarawehe au kabla ya daku? Maji mliyagawaje usiku? Mimi nikinywa mengi kwa mkupuo natapika.

Halafu milima. Huku ni tambarare tupu, na kule Moshi kuna kupanda kuelekea Mweka. Nauli ya kwenda Amani, kwenye milima ya Usambara, kila wiki mbili inalipa, au ngazi za ghorofa zinatosha?

Raba zangu ni za mtumba, soli imeanza kulika upande wa nje. Nibadilishe sasa au zivumilie?