Tupeane uzoefu: nahau na methali za Kiingereza kwa Mchina

Mleta mada:
Wakuu, mnaofundisha Wachina Kiingereza, nahau zipi zinawakwamisha na mnawanasuaje?

Mchangiaji 1:
Zinazofanana na za kwao ndizo zinazowaangusha. Ngeni kabisa watazikariri tu. Kichina kina tuō hòutuǐ, kuvuta mguu wa nyuma, yaani kumkwamisha mtu. Akisikia "I'm pulling your leg" anadhani ndiyo hiyohiyo, kumbe anataniwa. Halafu "eat your words": shíyán nayo ni kula maneno, ila kwao ni kuvunja ahadi. Kwa Mwingereza ni kukiri kwamba ulichosema hakikuwa kweli.

Mchangiaji 2:
Mkuu, umeiacha kubwa yao: wáng yáng bǔ láo, kondoo kapotea, zizi linazibwa. Wengi huioanisha na "lock the stable door after the horse has bolted". Mchina anasema hujachelewa, ziba wasipotee wengine. Mwingereza anasema unajisumbua bure. Kinyume kabisa!

Mchangiaji 3:
Daftari ligawe safu tatu. Kwanza zinazolingana: chèn rè dǎ tiě ni "strike while the iron is hot" vilevile ilivyo, usizipotezee muda. Pili, maana moja lakini picha tofauti: duì niú tán qín ni kumpigia ng'ombe zeze (sisi tunampigia mbuzi gitaa), Kiingereza kinamwaga lulu mbele ya nguruwe. Tatu ni mitego kama hiyo mliyotaja. Muda upeleke huko: tano kwa wiki, kila moja itungiwe sentensi tatu, mtendaji abadilike na wakati ubadilike.

Mchangiaji 1:
Hapo kwenye wakati ndipo penyewe. Chéngyǔ, yaani nahau za Kichina, nyingi ni herufi nne zisizoguswa, na kitenzi cha Kichina hakinyambuliki kwa wakati. Matokeo yake "yesterday he spill the beans" (jana alitoboa siri) badala ya "spilled". Na kwa kuwa Kichina hakina "the", utasikia "kick bucket" badala ya "kick the bucket" (kufa). Kipande kikaririwe kizima, na "the" yake ndani.

Mchangiaji 4:
Nyongeza kidogo. Chéngyǔ hupamba insha, mwandishi akaonekana msomi. Nahau nyingi za Kiingereza ni za mazungumzo. Ukizirundika kwenye barua ya kuomba kazi unachekesha. Na hiyo "raining cats and dogs" inayopendwa madarasani, aielewe tu akiisikia. Mvua ikinyesha kweli aseme "it's pouring".