Ng'ombe anatoa mate na anachechemea, ni miguu na midomo ama ni kitu amekula?

gredi_njoro: Habari za jioni wakulima. Niko Njoro, nina ng'ombe watatu wa gredi na ndama wa wiki tatu. Juzi nikienda kukamua nikapata yule mkubwa amesimama tu, napia hajagusa, mate yananing'inia kama kamba na maziwa yametoka lita 12 hadi 3. Nikadhani ni mwiba. Leo anachechemea na wa pili naye ameanza mate. Na hawa niliwachanja mwaka jana mwezi wa nne jameni! Jirani anasema nimpeleke mnadani haraka kabla hajakonda. Halafu watoto wakinywa maziwa si watashikwa? Darasani kwa kifungua mimba wangu kulikuwa na watoto wa vidonda mdomoni na mikononi.

guka_bahati: Pole. Vaa glavu umfungue mdomo, ukiona malengelenge kwa ulimi na ufizi, halafu uangalie katikati ya kwato na kwa chuchu, basi ndiyo hiyo. Ingekuwa mapele magumu mwili mzima ningesema lampi skini. Hiyo chanjo yako iliisha nguvu kitambo, watu huchanja kila miezi 6, na hata hivyo virusi vyenyewe viko aina kadhaa, hapa kwetu tumesumbuliwa na O, A, SAT 1 na SAT 2, kupona moja hakukukingi na nyingine. Ule wa watoto, wa mikono, miguu na midomo, ni kirusi kingine kabisa, majina tu ndiyo yanakaribiana. Mnadani USIENDE, utapelekea watu wa watu msiba. Pigia daktari wa mifugo wa wadi.

mama_maziwa: Na huyo ndama mtoe kwa mama yake LEO. Virusi viko ndani ya maziwa na kwa ndama hupiga moyo, wangu wawili walianguka ghafla bila hata kidonda kimoja, jioni walikuwa wanaruka. Mpe maziwa yaliyochemshwa.

duka_la_dawa_molo: Dawa ya kuua hicho kirusi haiko, usidanganyike. Sindano ya antibayotiki ni ya vidonda visioze tu, na ukishadunga maziwa unamwaga mpaka siku zilizoandikwa kwa chupa ya dawa ziishe. Osha mdomo na maji ya chumvi, kwato uoshe na uziweke kavu, majani yawe laini umeyakatakata. Mkubwa hupona wiki 2 au 3 hivi, ila maziwa yanaweza kukosa kurudi kama zamani, na wengine hubaki wakihema kukiwa na jua.

kijana_subukia: Nimtetee huyo jirani kidogo. Karantini ikiwekwa soko linafungwa na karo inangoja, mimi niliripoti mwaka fulani majirani wakaninunia mwezi mzima. Lakini bado ningeripoti, maana huu unabebwa na gambuti, ndoo, pikipiki ya maziwa, hata mikono ya mkamuaji.

gredi_njoro: Asanteni. Daktari amekuja, amechukua sampuli ya ngozi ya lengelenge na kusema hakuna mnyama kutoka. Ndama nimemtenga. Nimeweka karai la maji ya magadi kwa geti kila mtu akanyage, shida ni huyu wa kuchukua maziwa, anasema viatu vyake ni vipya.

mama_maziwa: Mwachie maziwa nje ya geti, asiingie 😂