Mashaka ninayo mwaka wa sita, kwa nini bado sijatoka kwenye kanisa letu?

fundi_wa_Chumbageni:
Habari zenu wana jukwaa. Niko Tanga mjini, mwanamke, miaka 33, fundi cherehani. Nimezaliwa kwenye kanisa ambalo jina sitalitaja maana sijaja kuchafua mtu. Ni la masharti mengi. Hereni hakuna, kusuka hakuna, tv hakuna, harusi ya kanisa lingine huendi, na Idi jirani akileta sinia la pilau tunapokea kwa heshima zote, tunashukuru, alafu likifika ndani haliliwi, mama alikuwa anawagawia watoto wa wapangaji.

Sijaja kuuliza kama dini ni kweli au si kweli, hayo naomba tusiyafungue humu. Nauliza hivi, mtu kama mimi mwenye mashaka miaka yote hii kwa nini hatoki? Na najua siko peke yangu, kuna wawili kule ndani nawaona kabisa wakati wa maombi, tunatazamana alafu kila mtu anaangalia chini.

Nianze na baba ndo mtanielewa. Nilipokuwa darasa la sita mchungaji wa wakati ule alitangaza mwisho umekaribia, akataja na mwaka. Baba alikuwa na shamba la minazi upande wa Pangani, alirithi kwa babu, akaliuza na hela karibu yote akaipeleka kanisani. Mwaka uliofuata nikafaulu kwenda sekondari hakunipeleka, akasema muda uliobaki hautoshi kumaliza form four. Mwaka uliotajwa ukaja ukapita. Nilidhani watu watatawanyika, wapi, waliondoka familia tatu tu, waliobaki ndo wakazidi kufunga na kukesha, na baba akapewa uzee wa kanisa. Mpaka leo akipita muuza madafu na baiskeli yake baba anageuza uso. Sijawahi kumuuliza chochote.

Alafu dadaangu. Yeye alitoka, akaolewa na Muislamu wa Makorora, akatengwa. Kutengwa kwetu maana yake humsalimii, huli naye, simu yake hupokei. Ana mtoto wa kike sa hivi miaka miwili na mimi sijawahi kumshika. Mwezi uliopita nimekutana nao soko la Mgandini, dada kambeba mgongoni, mtoto akanichekea. Nikapita. Nilipita jamani. Nimefika nyumbani cherehani sikuigusa siku mbili.

Sasa naomba mnisaidie, ni nini kinachotushika?

kijana_wa_Kwaminchi:
Toka dada, unasubiri nini? Katiba ya 1977 ibara ya 19 inakupa uhuru wa imani mpaka uhuru wa kubadilisha dini, hakuna wa kukukamata. Na msisahau Shakahola 2023, ile ni Kilifi, Kenya, pwani hii hii yetu, imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wamuone Yesu. Nao walikuwa wanasema watatoka kesho.

Mtoka_Muheza:
Mdogo wangu wa Kwaminchi, nia yako nzuri ila katiba haiwezi kumlazimisha mtu akusalimie.

Dada fundi mimi nilitoka kanisa la namna hiyo hiyo, miaka tisa sasa, niko Dar. Nilikuwa najua nikitoka nitaogopa moto wa jehanamu maana ndo tuliofundishwa tangu watoto. Moto hata sikuukumbuka. Kilichonipiga ni vitu vidogo. Nyumba niliyopanga ilikuwa ya mzee wa kanisa, nikapewa mwezi mmoja. Fundi aliyenifundisha useremala alikuwa wa kanisani, oda zikakata. Uchumba ukafa. Nikaumwa malaria nikalala siku nne sijasikia hodi, na kanisani ningeletewa uji kabla sijauomba, hilo lazima niliseme maana ni haki yao, wale watu walikuwa wananipenda kweli na nadhani mpaka leo wananipenda, ila upendo wao una mlango wa kuingilia tu.

Mama yangu alipofariki aliyenipigia simu ni muuza duka wa mtaani. Nimefika Muheza nikakaa nyuma kabisa na majirani Waislamu, wao ndo walionishika mkono. Ndugu zangu wa tumbo moja walikuwa hatua kumi kutoka nilipo.

Sijutii. Ila mtu asikwambie toka kama vile unashuka kwenye daladala. Kabla ya kutoka jiulize vitu vitatu vinne vya kawaida kabisa, nyumba unayokaa ya nani, wateja wako wa nani, ukiumwa usiku unampigia nani, hela ya miezi mitatu unayo? Mimi sikujiuliza na ilinigharimu.

fundi_wa_Chumbageni:
Kaka pole sana kwa mama. Umesema nyumba na wateja, nimesoma hapo nikasimama kidogo. Chumba cha kazi ni cha shemasi. Wateja kumi, saba wa kanisani, sare za kwaya zote nashona mimi. Sijawahi kuhesabu hivyo kabla ya leo.

mwalimu_Raskazone:
Dada naomba nikujibu kuhusu mzee wako maana hiki kitu kimeshawakuta watu wengi kabla yake na wala hakuwa mjinga.

Marekani mwaka 1844 kulikuwa na mhubiri mmoja mkulima anaitwa William Miller, wafuasi wake walikuwa maelfu na wakaishika tarehe 22 Oktoba kwamba Yesu anarudi siku hiyo. Wengine mazao waliyaacha shambani. Kulikucha tarehe 23 watu wanalia. Wengi waliondoka kweli, lakini wengine walikaa chini wakatafuta maelezo, na kutoka humo yamezaliwa makanisa ambayo yapo mpaka leo.

Mwaka 1954 tena, karibu na Chicago, kikundi kidogo kilimfuata mama mmoja aliyesema gharika inakuja 21 Desemba. Mtaalamu wa saikolojia Leon Festinger na wenzake wakajiingiza mle kimya kimya kuangalia gharika isipokuja itakuwaje. Na hapa ndo panapomhusu baba, kwa walivyoandika wao, waliokuwa wamekaa pamoja usiku ule, walioacha kazi, waliogawa vitu vyao, asubuhi yake ndo wakaanza kutangaza imani kwa nguvu kuliko mwanzo. Wale waliokuwa wanasubiri peke yao majumbani wengi imani ikawaisha. Gharika ile ile, haikuja kwa wote. Waliotofautiana ni waliokuwa na wenzao na wasiokuwa nao, na kiasi walichokwisha kutoa.

Mzee wako alitoa shamba la urithi na shule ya mtoto wake. Akisema leo kwamba tulikosea, shamba linakuwa limeenda bure, na wewe unakuwa umekosa sekondari bure, na yeye ndo aliyefanya. Binadamu gani anaweza kusema hilo kirahisi? Naona kubaki kwake ni namna ya kulinda lile shamba.

Kuna na upande wa pili ambao watu huwa hawautegemei. Mchumi mmoja, Laurence Iannaccone, mwaka 1994 aliandika kwamba makanisa yenye masharti magumu yana nguvu kwa sababu ya ule ugumu wenyewe. Yanachuja. Asiyetaka kujitolea anaondoka mapema, wanaobaki wote ni wa kujitoa, kwa hiyo ukiumwa uji unaletwa kweli, ukifiwa chakula kinapikwa kweli. Ile pilau msiyoila ndo inayolipia uji wa kaka wa Muheza. Ndo maana mtu anaona masharti yanamuumiza na haondoki, maana vyote viwili vinatoka chungu kimoja.

Kijana wa Kwaminchi, Shakahola ni jambo zito lakini tusiwaweke wote pale. Mimi siangalii wingi wa masharti, naangalia mtu akitaka kuondoka anafanywaje.

Mzee_wa_Dunda:
Mwanangu fundi, nakusalimu kutoka Bagamoyo. Mimi ni Muislamu na umri umekwenda.

Kwanza ujue shaka si aibu. Imamu Ghazali, mwanachuoni wetu mkubwa namna ile, ameandika mwenyewe kwamba alipatwa na shaka karibu miezi miwili, hata macho yake hakuyaamini, mpaka Mungu alipomtia nuru kifuani. Baadae mwaka 1095 akiwa mwalimu mkubwa Baghdad ulimi ukamfunga, akisimama kufundisha neno halitoki, chakula hakipiti, waganga wakashindwa. Akaaga kwamba anakwenda Makka kumbe anakwenda Sham, upande wa Syria, maana alijua akisema ukweli hawatamwachia. Yule alikuwa Ghazali na bado aliona tabu kuwaaga watu. Sembuse wewe na chumba cha shemasi.

La pili nina mpwa wangu. Aliingia kundi lenye msimamo mkali, akakata kuja kwenye maulidi, akakata hata hitma ya kumwombea marehemu bibi yake aliyemlea, kila kitu anasema bidaa, uzushi kwenye dini. Sikugombana naye. Usiku mmoja tumekaa ufukweni wavuvi wanavuta nyavu akaniambia mjomba mimi sina hakika tena. Nikamuuliza sasa? Akashika ndevu zake. Akasema mjomba nikinyoa hizi, alfajiri mtaa mzima umejua. Huyo bado yuko nao mpaka leo. Lakini mwaka jana alikuja hitmani, akakaa barazani, ndani hakuingia, nikampelekea kahawa pale pale nje.

La tatu ni la mji wetu. Sheikh Ramiya, aliyefariki 1931, aliletwa pwani utotoni kutoka Kongo, mtumwa, hana mama hana mjomba. Akasoma, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa tarika ya kisufi ya Qadiriyya, na watu waliomfuata wengi walikuwa kama yeye, wasio na kwao. Na mapadri walipofika hapa 1868 waliokusanya mwanzo ni watoto waliokombolewa utumwani, nao hivyo hivyo. Kwa hiyo mimi nikisikia mtu anashangaa kwa nini fulani haachi dini yake na hali anaisemea vibaya, namuuliza wewe ukoo wako unauachaje? Mjomba wako mbaya, unamsema kila siku, na msiba wake unakwenda.

Ila mwanangu dada yako naye ni ukoo, na huyo alikuwepo kabla ya mchungaji.

nabaki_tu:
Naomba nisemee wanaobaki maana mmetusema kama watu waliofungwa. Niko kwenye kanisa kali, Tanga hapa hapa, mashaka ninayo na sitoki, na si kwa woga. Nyumba ni yangu, biashara yangu haiwategemei. Nabaki kwasababu nikiimba na wale watu kuna kitu kinanishuka kifuani ambacho sikipati popote, na mashaka yangu nimeshazoea kwenda nayo ibadani kama mtu anayekwenda na goti linalouma. Barua za Mama Teresa wa Kolkata zilipotolewa 2007, miaka kumi baada ya kufa kwake, watu walisoma kwamba karibu miaka 50 alikuwa anaomba na hasikii kitu ndani. Hakuacha kazi. Mimi siwezi kumuita mnafiki.

Lakini dada, kuna sharti moja nimelikataa wazi mbele ya wazee, la kutosalimia ndugu. Nilimsalimia kakangu hadharani, nikaitwa kikao, nikasimamishwa kuongoza nyimbo miezi sita. Miezi sita ikaisha. Kakangu bado namsalimia.

fundi_wa_Chumbageni:
Nimesoma zote mara mbili, nyingine nimelia. Mzee wangu wa Dunda shikamoo, na ahsante.

Mwalimu hilo la baba kulinda shamba sikuwahi kuliona. Nilikuwa na hasira naye ya shule miaka yote hii na leo jioni nimemuangalia amekaa kibarazani nikaona ni mzee tu aliyechoka. Hasira haijaisha lakini siwezi kumuuliza mpaka nijue nitafanya nini akijibu.

Kutoka sijui. Kwa leo sijui kabisa. Chumba cha kazi nitaanza kuulizia kingine Ngamiani, hilo nimeamua, hata kama nitabaki.

Na namba ya dada ninayo, sikuwahi kuifuta. Nimemtumia meseji saa mbili usiku, nimeandika shikamoo dada tu, nikashindwa kuongeza neno. Amejibu marhaba mdogo wangu, njoo Jumapili.

Jumapili ndo ibada.

Nimekata kitambaa cha kigauni nilichobakiza kwenye oda, lakini sijui vipimo vya mtoto nimemuona mara moja tu na alikuwa mgongoni. Wenye watoto wa miaka miwili naombeni, kifua kinakuwa inchi ngapi?

mama_wawili_Mabawa:
Wangu ana miaka miwili na miezi mitatu, kifua 21. Weka 23 apumue, na upindo wa chini uache mrefu maana umri huo wanarefuka haraka.