Tumbo la mzee limejaa kama ngoma: eksirei inatosha au tutafute siti skani kwanza?

Binti_Kilimo: Shikamooni wakubwa. Baba yangu, miaka 67, tangu juzi hapati choo wala hajambi, na tumbo limejaa mpaka linang'aa. Asubuhi hii kapigwa eksirei ya tumbo hospitali ya wilaya, daktari kasema utumbo mpana umejisokota, katupa rufaa ya mkoani leo hii hii. Shemeji yangu kagoma. Eti eksirei ni ya mifupa, tukapige siti skani kwanza, ile picha ya kompyuta inayoonyesha ndani ya mwili kwa vipande, ndipo tuamini. Hela ya siti skani ni mpaka tuuze ng'ombe. Nifanyeje?

Mzee_wa_Shamba: Mpe mafuta ya nyonyo, kitafunguka tu.

Fundi_Picha: Mzee wangu, hapo umekosea. Njia imefungwa, ukisukuma kwa nguvu utumbo unaweza kupasuka. Asinywe chochote, hata maji.

Dada, mimi kazi yangu ni kupiga picha hizo. Hewa kwenye eksirei hutoka nyeusi, na utumbo uliojisokota huwa umenasa hewa tele. Unavimba na kukunjika kama punje kubwa ya buni, na katikati pana mstari mweupe: ni kuta mbili za utumbo zilizobanana. Umbo hilo likionekana wazi, halina ubishi. Siti skani inasaidia sana picha ikiwa na utata, maana inaonyesha hata mishipa ya damu ilivyozungushwa kama kamba, na kama utumbo umeanza kukosa damu. Wakiitaka, wataiagiza huko huko mkoani. Msiizungukie mjini, saa zinakwenda.

Mama_Wawili: Baba mkubwa alipitishiwa mpira kwa njia ya haja kubwa, hewa ikatoka kama tairi lililotobolewa. Akacheka siku hiyo hiyo. Ila walimfanyia upasuaji baadaye, wakisema bila hivyo hujirudia.

Fundi_Picha: Mpira hupitishwa iwapo utumbo bado ni mzima. Akiwa na homa, tumbo gumu kama ubao au damu kwenye choo, ni chumba cha upasuaji moja kwa moja. Vipi, ana lolote kati ya hayo?

Binti_Kilimo: Homa hana, damu hamna. Nimeiinua picha dirishani, na kweli buni hiyo hapo, imeanzia nyonga ya kushoto imepanda hadi karibu na ini. Nimemwonyesha shemeji, kaitazama muda mrefu hakusema kitu. Sasa hivi tuko njiani, kakaa mbele na dereva, bahasha ya picha kaipakata yeye.