Mlima gani huurudii tena?

Wakuu, mimi nimeapa: Ol Doinyo Lengai basi! Unaanza usiku wa manane kukwepa jua, majivu ya volkano yanateleza, ukipanda hatua mbili unarudi moja. Kushuka ndiko kubaya zaidi, magoti yanawaka moto. Nyie je?

— Pole mkuu. Na maji hakuna njiani, unabeba yako yote. Watu wanaudharau kwa sababu haufiki hata mita 3,000. Shida ni ule mwinuko mkali, kimo hakisemi kitu.

— Kwangu ni Meru, mita 4,566. Ukishapita Rhino Point, sehemu moja njiani kwenda kileleni, unatembea ukingoni mwa kreta, gizani, upepo unakusukuma. Kilimanjaro narudi hata kesho. Meru, hapana.

— Dada, Meru ya mchana je? Mandhari yale!