Acheni kuwaambia watu "nunua simu yoyote" wakienda Japani!

Wakuu, nimechoka na ushauri wa kubabaisha unaotolewa humu kila mtu akiuliza simu ya kwenda nayo Japani. "Chukua yenye RAM kubwa na betri 5,000, basi." Basi nini? Mtu anatua na simu mpya ya Kariakoo, anaweka laini, halafu barua pepe hazitoki wala haziingii. Hapo washauri wote mmeshakimbia uzi.

Kule anwani ya barua pepe ya simu hutolewa na kampuni ya laini. Kampuni kubwa ni Docomo, SoftBank na nyingine inayoitwa "au" (ni jina, siyo neno letu la kuchagua). Tangu i-mode, huduma ya intaneti ya simu ya Docomo, ianze mwaka 1999 Wajapani wanaandikiana kwa anwani kama @docomo.ne.jp, @ezweb.ne.jp ya "au", na @softbank.ne.jp. Programu ya kuchati ya LINE imepunguza mtindo huo, lakini bado wapo watu, hasa wazee, ambao simu zao zimewekewa kichujio zisipokee kitu kutoka nje ya anwani za simu. Unatuma kwa Gmail, inakurudia eti mtumiaji hajulikani. Unakagua herufi moja moja, iko sawa! Upande wako huna la kufanya. Mwombe mwenyewe, kwa njia nyingine, aingie kwenye mipangilio ya kampuni yake aruhusu anwani yako.

Kuna na kituko kingine: Docomo na "au" ziliwahi kuruhusu anwani zenye nukta mbili mfululizo, au nukta iliyobanana na @. Kanuni za barua pepe duniani hazikubali hilo, kwa hiyo programu nyingi zinagoma hata kutuma. Baadhi zinakubali ukifunga sehemu iliyo kabla ya @ kwa alama za kunukuu. Dawa ya kweli ni mwenye anwani kuibadilisha.

Kwa hiyo amua anwani kwanza, simu baadaye. ahamo, povo na LINEMO mnazozipigia debe humu, laini za bei nafuu za Docomo, "au" na SoftBank, zote za mwaka 2021, zina nafuu kweli, ila anwani ya kampuni hazitoi. Mbona hilo hamlisemi? Anayehama kutoka kampuni mama anaweza kubaki na anwani yake ya zamani kwa yeni 330 kwa mwezi, utaratibu ulioanza Desemba 2021, lakini aombe ndani ya siku 31. Akizubaa, imekwenda.

Sasa simu. Soma bendi (masafa ya mtandao) za 4G za modeli yako kamili, kwa namba ya modeli, maana jina moja la simu lina matoleo kibao. Docomo inategemea bendi 1, 3 na 19. "au" inategemea 1 na 18 au 26. SoftBank 1, 3 na 8. Hiyo 19 na hiyo 18 ndizo zinazopenya ndani ya majengo na kufika vijijini, na simu nyingi za soko letu hazina. Zina 7 na 20, ambazo Japani hazina kazi. Ndiyo maana mtu anashika mtandao vizuri katikati ya Tokyo, akipanda treni kwenda milimani simu inakuwa tochi. Simu kama hiyo ina nafuu kwenye SoftBank kwa sababu ya bendi 8. Halafu hakikisha VoLTE, yaani kupiga simu kupitia 4G, inakubali kwenye mtandao utakaoutumia: kwa mfano 3G ya "au" ilizimwa Machi 2022, kwa hiyo kule bila VoLTE una data tu, kupiga hupigi.

Usisahau alama ya giteki, kibali cha redio. Mtalii ana siku 90 za kutumia Wi-Fi na Bluetooth ya simu yake isiyo nayo. Zikipita, msamaha huo haupo.

Kwa mtu asiyetaka kuumiza kichwa, iPhone. Kuanzia iPhone 8, hata iliyonunuliwa nje inafanya kazi na Suica, kadi ya nauli ya treni. Android ya nje kwa kawaida haifanyi. Barua pepe ya Docomo kwenye iPhone inakuja kwa kusakinisha profaili, yaani faili la mipangilio. Zima Wi-Fi, fungua Safari kwa data ya laini, ingia My docomo (ukurasa wa akaunti yako), weka namba ya siri ya mtandao yenye tarakimu nne, pakua profaili, kisha nenda kwenye mipangilio ya simu uisakinishe. Wengi wanakwama kwa sababu wameacha Wi-Fi ikiwaka. Kwenye Android ya nje tumia IMAP, njia ya kusomea barua pepe kwenye programu ya kawaida: imap.spmode.ne.jp mlango 993, kutuma smtp.spmode.ne.jp mlango 465, SSL zote mbili. Nenosiri ni lile maalumu la IMAP, siyo la akaunti yako ya kila siku.

Mtumba je? Piga *#06#, chukua IMEI (namba ya utambulisho wa simu), iangalie kwenye ukurasa wa kampuni iliyouza simu. Ikitokea alama ya duara ni salama. Pembetatu maana yake deni linaendelea kulipwa, na mwenye deni akiacha kulipa simu inaweza kufungiwa mtandao mikononi mwako. Msalaba, achana nayo. Iliyotoka kabla ya Oktoba 2021 inaweza pia kuwa imefungwa kwa kampuni moja, muulize muuzaji kabla hujatoa hela.

Na ninyi wa "kiswaswadu cha Kijapani kinatosha": vingi havina Play Store, Gmail utaisomea wapi?

Anayetaka kushauri hapa chini aweke namba ya modeli na bendi zake. "Yangu inapiga vizuri tu mkuu" sitaijibu.